Moshi kwenye Kasete ya Papa Silas

Mwezi uliopita tulijazana Katoyi, hapa Goma, kwa yubile ya ndoa ya Papa Silas na mama yangu mdogo Devota. Kabla hata sahani hazijaondolewa mezani, mjukuu wao Patrick alinivuta pembeni kuniuliza kama ni akili au ni wazimu mtu kununua spika za bei ya pikipiki mpya. Patrick ana kazi nzuri, ana nyumba ya matofali, bado hajaoa, na simu yake imejaa picha za hizo spika, nyeusi, ndefu, zimesimama kama mashemasi wawili wanaongoja misa ianze. Alikuwa amesoma mabishano ya watu wa Ulaya wanaogombana juu ya waya wa spika kama vile wanagombania shamba. "Tantine Riziki," aliniambia, "wewe ulikaa kwa koko Silas wakati alikuwa anafuata hizi bintu. Sema kweli. Pesa ikiongezeka, sauti nayo inaongezeka?" Nilimwambia aende kwanza akale nyama, maana swali hilo halijibiwi na tumbo tupu. Kwa kweli nilitaka aondoke ili nimwangalie vizuri babu yake, upande wa pili wa salon, sebule yao, mzee ambaye suti imekuwa pana kuliko mabega yake, amemshika mkewe mkono mbele ya watu wote bila aibu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa. Kuna mwaka mmoja ambapo sikuwa na hakika kwamba wale wawili wangefika hapo.

Mwaka huo nilikuwa namaliza sekondari, nikawekwa kwao kwa sababu shule ilikuwa karibu. Nyumba ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za majirani, na mabati juu yake. Vyumba vilikuwa vya wenyewe na watoto, mimi nikalala salon, kwenye godoro ambalo kila asubuhi nililikunja na kulificha nyuma ya kiti kirefu. Ndiyo maana nasema ninazijua spika kuliko Patrick na watu wake wa Ulaya: nimelala katikati yake. Salon ile ilikuwa ya Mama mdogo, na kila kitu ndani yake kilivaa. Alifuma vitambaa vya uzi mweupe, vyenye maua na pindo, akavivisha viti, meza, saa ya ukutani, hata chupa ya chai. Papa Silas alipoleta spika zake kubwa za kwanza, jua halijatua nazo zilikuwa zimevaa, kitambaa kinaning'inia hadi usoni. Papa Silas alikuwa mwanaume wa kugombana na madereva wa malori, alinunua maharagwe na viazi vya Masisi kwa magunia na kuviuza mjini, lakini hakuthubutu kugusa kitambaa kimoja. Nadhani hata leo nusu ya muziki wa Goma unapita kwenye uzi kabla ya kufika masikioni mwa watu.

Watu walidhani anapenda muziki. Hakupenda. Katika mwaka mzima sikumsikia akipiga hata wimbo mmoja wa kucheza, na watoto waliojaribu kuweka kasete zao walifukuzwa nje. Alikuwa na kasete moja tu, iliyorekodiwa siku ya mahari yake, kule milimani Masisi, nyumbani kwa kina Mama mdogo. Kwa desturi ya upande huo, ng'ombe wanapotolewa kwa ajili ya binti, anasimama mwanaume mmoja mwenye ulimi na kuwasifu, ng'ombe mmoja mmoja, kwa jina na kwa uzuri wake, haraka haraka, kwa pumzi moja ndefu, na watu wanaitikia. Kazi hiyo ilikuwa imepangwa kufanywa na baba yake Papa Silas, Muzee Gasore, ambaye alijulikana vilima vyote kwa kuwasifu ng'ombe. Lakini wakati huo Muzee Gasore alikuwa ameanza kuugua koo, na sauti yake ilikuwa inakwisha. Baada ya miezi michache ilikwisha kabisa, naye akafuata. Bwana harusi mwenyewe hakusikia chochote siku ile, kwa sababu desturi hiyo hiyo inamtaka akae mbali na wazee, nje ya ua, na vijana wenzake, hadi aitwe. Alichobaki nacho ni kasete, iliyorekodiwa na binamu yake kwa radio ndogo ya mkononi.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa tulikaa salon. Mama mdogo alisimamisha kutwanga sombe, majani ya muhogo, watoto walikunja mikono, na Papa Silas aliingiza kasete kama padri anavyofungua tabernakulo. Sauti ilitoka mbio, juu juu, imejaa majina ya ng'ombe, na sisi tuliinamisha vichwa. "Unasikia?" alikuwa ananiuliza mimi mgeni, kila mara kama mara ya kwanza. "Ile njo sauti yake ya mwisho. Alikuwa anajua iko inaisha. Akasema heri niimalizie kwa mutoto wangu." Macho yake yalilowa, na mimi, msichana mwenye kiburi cha darasa la mwisho, nililowa pia. Kisha, kasete ikimalizika, alikuwa anatikisa kichwa. "Lakini haiko yeye kabisa. Kuna moshi." Moshi ndilo jina alilolipa lile jambo la kuudhi kwenye kasete yake, sauti kama ya upepo, shhh, shhh, iliyopita kila mara kabla ya maneno. Aliamini kwamba moshi huo ndio unaomficha baba yake. Ukiondoka moshi, atabaki Muzee Gasore mtupu, na sauti itakuwa ileile aliyokuwa anaikumbuka tangu utoto. Na moshi, walimwambia wauzaji, unaondoka kwa chombo kizuri zaidi.

Ukweli wa jambo hilo niliujua jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na nilikuwa nimeinama nje, upande wa pili wa ubao, nikiosha sambaza, dagaa wa ziwani, kwa chakula cha jioni. Ndani, Mama mdogo alikuwa anachambua maharagwe na rafiki yake Mama Jeanne, aliyetoka naye Masisi. Mama Jeanne alicheka kwamba Papa Silas sasa anataka kununua ampli, mashine ya kukuza sauti, na spika mpya, hizi alizo nazo hazimtoshi tena. Mama mdogo hakucheka. "Jeanne, mi naogopa," alisema. "Ile sauti haiko ya baba yake. Weye ulikuwa na mimi ndani ya nyumba, tulisikia wote. Ni Muzee Karoli njo alisifu ng'ombe. Baba mukwe alishindwa." Mama Jeanne akauliza kwa nini hakumwambia mume wake tangu mwanzo. "Nilikuwa nadhani anajua. Kisha kwa matanga ya baba yake akaweka kasete, akalia, akasema aksanti Papa. Watu bote banalia. Ningesema nini? Ningesimama mbele ya watu niseme haiko baba yako?" Niliendelea kuosha samaki waliokwisha kuwa safi. Jioni ile tulikula bugali na sambaza, Papa Silas akasifu chumvi, na mimi sikuweza kumtazama.

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini Mama mdogo alichukia kila chombo kipya kilichoingia mlangoni. Majirani walisema ni mchoyo. Papa Silas mwenyewe alidhani ni mambo ya matumizi ya nyumba, akamnunulia pagne nzuri ya kitenge ili amlainishe, naye akaikunja na kuiweka. Kumbe hofu yake ilikuwa rahisi kuisema: kwenye radio ndogo ya kwanza kila mwanaume anaweza kuwa Muzee Gasore, lakini chombo kikizidi kuwa kizuri, iko siku mume wake atamsikia Karoli. Siku hiyo atapoteza baba kwa mara ya pili, na atajua pia kwamba mke wake alimwacha aabudu sauti ya mtu mwingine Jumapili zote hizo. "Atasema nilikuwa namucheka," aliniambia baadaye, alipogundua kwamba najua, maana uso wangu haukuwahi kujua kuficha kitu. Nilimwambia Papa Silas si mtu wa hivyo. Akanijibu kwamba mimi bado sijaolewa.

Ampli na spika mpya zilifika. Hapa naomba nimjibu Patrick kidogo, kwa sababu nimefikiri jambo hili maisha yangu yote ya kusikiliza. Kutoka radio ndogo hadi zile spika za kwanza, tofauti ilikuwa kubwa mno. Mtu alipata kifua, akapata miguu, ng'ombe walianza kuonekana. Kutoka spika za kwanza hadi hizi mpya, tofauti ilikuwepo, lakini ilibidi uambiwe mahali pa kuitafuta. Na salon yenyewe ilikula nusu ya faida. Mbao za ukuta zilitetemeka, picha ya Moyo Mtakatifu ikawa inapiga kodo kodo kwenye msumari wake, mimi ndiye niliyepachika vipande vya karatoni nyuma yake. Mvua ikinyesha juu ya mabati, na hapa kwetu inanyesha, chombo cha mfalme na radio ya mlinzi vinakuwa ndugu. Umeme ukishuka, sauti ya sifa inakuwa nzito kama ya ng'ombe mwenyewe. Fundi mmoja wa sokoni alisafisha kile kichwa kinachosoma kasete kwa pamba na alkoholi, na naapa hiyo pamba ilifanya kazi kuliko ampli yote. Papa Silas hakupenda kusikia hivyo. Mtu aliyekwisha kulipa hataki kuambiwa habari ya pamba.

Lakini kilichomkasirisha zaidi ni kwamba moshi ulikuwa umeongezeka. Alikaa mbele ya spika mpya, mikono magotini, na ule upepo ukapita wazi kuliko zamani, shhh, shhh, kabla ya kila jina la ng'ombe. "Nimelipa zaidi, na moshi nao umelipwa," alisema. Hakukuwa na mtu aliyethubutu kucheka isipokuwa jirani, ambaye kupitia ukuta wa mbao alikuwa anasikiliza Jumapili zetu zote bila kualikwa, naye alikohoa kwa namna fulani. Papa Silas akarudi mjini kwa Modeste, muuzaji wa vyombo, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi na marashi yanayokutangulia. Modeste alimwambia kwamba tatizo si spika. Tatizo ni deki, ile mashine ya kuchezea kasete. Anayo moja iliyotoka mbali, ina kitufe cha kufuta kelele, unabonyeza tu na kila uchafu unaondoka. "Papa, hata pumzi utasikia," alisema. Akaileta nyumbani yeye mwenyewe, akaifunga, akaiacha. "Lala nayo. Sikiliza. Kisha tutaongea bei."

Bei ilikuwa Gaju. Papa Silas alikuwa na biashara, lakini pesa ya biashara ilikuwa inazunguka ndani ya magunia, na kilichoweza kufika kwa Modeste ni ng'ombe yule mwekundu aliyekuwa anachungwa Masisi, mzuri, mwenye pembe za kutazamwa. Mama mdogo alipika wiki nzima akisubiri abadili nia. Alipoona mume wake amekata shauri, alishika kitu cha mwisho alichokuwa nacho, desturi. Gaju alikuwa mjukuu wa ng'ombe ambaye Muzee Gasore alipewa na rafiki yake wa maisha, na kwa watu wetu ng'ombe wa kupewa hauzwi kimya kimya, wala yeye wala uzao wake. Unamwendea aliyekupa, au unamwita, unamwambia shida yako, na yeye ndiye anayekufungulia njia. Ukiuza bila kumwambia, umeuza urafiki. Mama mdogo alisema hayo mezani, mbele yetu sote, akidhani ameweka ukuta. Papa Silas akaitikia kwa kichwa, ametulia, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida. "Uko na haki, Mama Aline. Nitamuita." Mama mdogo akaweka kijiko chini. Alikuwa amesahau, katika kutafuta ukuta, kwamba huyo rafiki aliyetoa ng'ombe ndiye Muzee Karoli.

Sijui kama niliwahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile. Siku zilizofuata alifua vitambaa vyote, akavipiga pasi, akafuma vingine, na nilipoingia salon nikakuta spika zimevaa tabaka tatu, kama watoto wanaopelekwa milimani kwenye baridi. Nilimuuliza hiyo ni ya nini. "Isikike kidogo," alisema, naye mwenyewe akaona upuuzi wake, akakaa kwenye godoro langu na kulia. Alitaka kumwambia mume wake kabla mzee hajafika, na kila asubuhi alijaribu. Nilisikia kupitia ukuta. "Papa Aline, kuna neno." "Neno gani?" "Sabuni imeisha." Nyumba yetu haikuwahi kuwa na sabuni nyingi kama juma hilo.

Muzee Karoli alishuka Jumapili juu ya lori la viazi, na kofia yake na fimbo yake na kidumu cha maziwa ya kuganda, amezeeka kuliko nilivyofikiri. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu wa kawaida anayeomba maji. Ukimsikia akisalimia usingedhani ndiye yule wa kwenye kasete, na ndiyo maana Papa Silas, aliyemjua tangu utoto, hakuwahi kushuku. Tulimlisha vizuri: viazi, sombe, nyama, maharagwe, na maziwa yake mwenyewe mwisho. Alisifu kila kitu. Alipoambiwa habari ya Gaju hakukasirika. Aliuliza tu ni shida gani imeingia ndani ya nyumba, kuna mgonjwa? "Hakuna mugonjwa, muzee," Papa Silas alisema. "Ni juu ya Papa. Nataka nimusikie muzuri." Mzee hakuelewa, nani angeelewa? Papa Silas akasimama, akaondoa vitambaa kwenye spika, vyote, kwa mkono wake mwenyewe, akaviweka juu ya kiti. Akabonyeza kitufe cha Modeste. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, hakuingia wala hakutoka.

Niseme haki: Modeste hakudanganya. Moshi uliondoka wote. Sauti ikatoka safi, karibu, kama mtu amesimama juu ya zulia letu, na ilipomaliza sifa za ng'ombe wa kwanza Muzee Karoli akalipiga goti lake kofi kwa furaha. "Eeh, Silas," alisema kwa ile sauti yake ya kuomba maji. "Siku hiyo nilikuwa na kifua. Sasa niko muzee, siwezi tena." Kwenye kasete sauti iliendelea mbio na ng'ombe wa pili. Papa Silas alimtazama mzee, akatazama spika, akatazama mzee. Alinyoosha mkono na kusimamisha kasete. "Ni weye," alisema. Hakuuliza. Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ni mimi. Ulikuwa unadhani ni nani?"

Uso wa Papa Silas ulikuwa umekwenda mbali sana, na nilijua kwamba kile Mama mdogo alichokiogopa kimetokea, kiko mezani na sahani. Muzee Karoli naye akaanza kuelewa polepole, nikaona anavyoelewa, na akashtuka kama mtu aliyekanyaga mtoto. "Baba yako alikataa mutu mwingine atunge maneno," alisema. "Watu bake balisema sauti yake iko inaisha, ni bahati mbaya, aache. Akakataa. Alinishika bega akasimama nyuma yangu. Mi sikuwa najua bale ng'ombe, Silas. Balikuwa ba kwenu. Yeye alikuwa ananipatia kila jina na kila neno kwa sikio, pole pole, na miye ninatupa kwa nguvu. Mudomo ulikuwa wangu. Maneno ni yake yote." Kisha, kwa sababu ni mtu wa kueleza mambo hadi mwisho, akaongeza: "Na ule mutoto wa radio alikuwa karibu na yeye kuliko na mimi. Sijui kwa nini yeye hasikike. Radio ya zamani, hata ya kawaida, ingemusikia."

Papa Silas alirudisha kasete mwanzo. Alipeleka kidole kwenye kile kitufe cha kufuta kelele, kitufe alichotaka kukilipa kwa ng'ombe, akakizima. Moshi ukarudi. Ulirudi wote, mbele ya kila jina, na safari hii hapakuwa na kitambaa usoni mwa spika, wala hapakuwa na mtu katika salon ile aliyekuwa anasubiri upite. Shhh, ulisema, na tukasikia kwamba una midomo. Bihogo, mtu alinong'ona, bila sauti, kwa pumzi tupu iliyokwaruza. "Bihogo!" akapaaza Karoli. Gitare, ikasema ile pumzi. "Gitare!" Mahali fulani pumzi ilikatika, mtu akameza mate kwa shida, na Karoli wa kwenye kasete akangoja. Akangoja kwa heshima, mpaka neno likapatikana. Papa Silas alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, sikio lake liko kwenye uso mweusi wa spika. Alikuwa anacheka na machozi yanatiririka. "Iko yeye," alisema. "Iko yeye kabisa. Anamupatia hata mate." Muzee Karoli alivua kofia.

Modeste alikuja kuchukua deki yake, na Papa Silas akamsindikiza hadi barabarani kwa adabu, hakumweleza. Gaju akabaki Masisi. Kwa hiyo Patrick akirudi kuniuliza, nitamwambia anunue zile zitakazomtosha kusikia mtu anapomeza mate, na nyumba yake ya matofali itamsaidia. Zaidi ya hapo atakuwa analipa vitufe vya kuondoa vitu, na kabla ya kuondoa kitu mtu ajue kwanza ni nini. Ampli ile ilifaa, sikatai. Bila ampli na ile pamba ya fundi tusingesikia midomo. Ila ningemwambia pia avue vitambaa, na hiyo haina bei.

Lakini hayo ni maneno ya spika. Ninachokumbuka mwenyewe ni jioni ya Jumapili ile, mzee amelazwa kwenye godoro langu, mimi nimehamia chumba cha watoto, ukuta mmoja wa mbao ukinitenga na wenye nyumba. Nilikuwa nangoja kusikia ugomvi. Nilimsikia Mama mdogo akianza, na safari hii hakusema sabuni. "Nilikuwa najua," alisema. "Tangu matanga. Nilikuwa ndani ya nyumba, nilisikia ni Karoli. Sikusikia kama baba iko nyuma yake, hiyo hata mimi sikujua. Lakini ya Karoli nilikuwa najua." Nikaanza kuwaombea. Mbele za watu Papa Silas alimwita Mama Aline, na mbele yetu pia, hata akiwa na homa. "Devota," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina hilo kinywani mwake. "Kila Jumapili ya Mungu ulikuwa unakaa pale unanitazama?"

"Nilikuwa nakaa."

"Na kubeba hii peke yako?"

"Ningempa nani?"

Kitanda kililia, nadhani alikuwa amegeuka upande wake. "Basi weka chini," alisema. "Weka chini, mama. Mi niko."

Nilimsikia Mama mdogo akilia, halafu nikamsikia akicheka, halafu sikusikia kitu tena, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelala, usingizi mzito wa mtu ambaye wiki nyingi hakuwa amelala.